Usipozima Gari

Tarehe 4 Machi

Mwanangu Kinyume,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, unakula kwa wakati na unalala kitandani, wala si kwenye kiti cha ofisi. Sisi hapa hatujambo. Bomba la jikoni limeacha kuvuja baada ya fundi kuja mara tatu, na mara zote tatu akalilaumu jengo. Bibi yako anakusalimu. Anasema barua yako ya mwisho ilikuwa fupi kama risiti, na kwa kuwa kwenye simu hasikii, anaomba uandike ndefu na wino uukoleze.

Unajua kwa nini nami nakuandikia kwa karatasi ilhali simu ninayo. Simu haina pambizo la kusahihishia.

Sasa neno lililonikalisha mezani. Gari limekufa. Ni lile la umeme ulilonishauri ninunue, la mkono wa pili, lenye umri wa miaka minane, ambalo uliniambia lingenizika. Jumanne iliyopita nilimpeleka Bibi yako hospitalini kuchomwa sindano ya jicho, kama kila mwezi. Tulipokwisha kuegesha uani, skrini ilibadilika rangi bila kuombwa, ikaandika kwamba kompyuta ya gari inasasishwa. Chini yake palikuwa na sentensi hii, ambayo niliisoma mara mbili, kama nisomavyo kila kitu:

"Usipozima gari, kompyuta inaweza kuharibika."

Nikalizima. Nani asingelizima? Nikashuka, nikafunga mlango, nikaenda dirishani kuchukua namba. Niliporudi hapakuwa na kinachowaka: si skrini, si feni, si makomeo ya milango. Bibi yako alikuwamo ndani. Hilo nitalieleza siku nyingine.

Kampuni yenu imeniletea barua ya mistari minne. Mstari wa tatu unasema: "Kosa la mtumiaji: alizima gari wakati wa usasishaji, kinyume cha maelekezo." Mimi, niliyefundisha sarufi miaka thelathini na minne, nimeandikiwa kwamba sikufuata sentensi.

Wewe unafanya kazi katika chumba kile kile kinachoandika maneno ya skrini kwa lugha yetu. Kwa hiyo nina swali moja. Nani aliiandika sentensi hiyo? Sitaki pole wala fidia. Nataka jina lake, kisha nataka mstari wa tatu ufutwe, kwa mpangilio huo.

Ni mimi shangazi yako, ambaye sasa anakwenda sokoni kwa miguu.


Tarehe 29 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Shikamoo ya pili mpe Bibi. Mimi ni mzima, ila nimehamishiwa meza nyingine ambayo dirisha lake linatazama ukuta. Ukuta wenyewe ni mzuri. Nakula, nalala, ingawa si sana. Usipoona barua zangu zinachelewa, usidhani nimewasahau. Ni kazi tu.

Habari za gari zimenisikitisha. Niruhusu nikueleze. Ndani ya kompyuta ya gari mna kipande kidogo cha kutunzia kumbukumbu. Gari linapotembea kinaandika, kinafuta, kinaandika tena, mchana kutwa. Ni kama ubao wako wa darasani: ulifutwa miaka mingi mpaka chaki ikawa haishiki. Programu za leo ni kubwa, na kompyuta ya gari lako ilitengenezwa kwa programu za wakati ule. Betri ni nzima, mota ni nzima, magurudumu mazima. Ubongo ndio uliozeeka. Sasisho linalochukua nusu saa kwenye gari jipya huchukua saa tatu kwenye la zamani, na likikatizwa katikati, mambo yamekwisha.

Lakini kuna habari njema. Nimezungumza na watu wa matengenezo na wamekubali kukuwekea kompyuta mpya bila malipo, kama hisani. Utatia sahihi karatasi moja na kuwapa ile ya zamani, basi. Nakusihi ukubali. Usipoikataa hisani hii, watafunga faili na hutapata kitu.

Kuhusu ile sentensi, maneno ya skrini ni maelfu na sisi ni wengi, ni vigumu kujua.

Aya hii Bibi aisome mwenyewe: Bibi, ninakutumia kitabu kikubwa cha hadithi chenye herufi nono kama maharagwe. Soma mpaka ushibe.

Wako kila siku, hata siku ambazo siandiki.


Tarehe 6 Aprili

Mwanangu Kinyume,

Sisi tu wazima wa kadiri. Mvua imeingia kwa jirani wa juu na yeye ameileta kwetu. Kitabu kimefika. Bibi yako amekipapasa jalada na kusema ni kizito kama mtoto. Aya yake nimemsomea.

Ndani ya bahasha hii utaikuta barua yako imerudi. Wino mwekundu ni wangu. Mahali pa kwanza ulitaka kusema "ukiona", ukaandika "usipoona". Hilo nimelisamehe. Mahali pa pili umeniandikia kwamba nisipoikataa hisani yao watafunga faili. Nimelitii neno lako kama lilivyoandikwa, nimeikataa, na faili litabaki wazi.

Umeulizwa "nani", umejibu "nini". Somo la gari ni zuri na ubao wangu nimeukumbuka, lakini mwanafunzi anayejibu swali ambalo hakuulizwa huwa analikimbia aliloulizwa.

Juzi walikuja wanaume wawili na lori la kukokotea. Walikuwa na karatasi inayosema nimekubali kutoa kompyuta ya zamani. Nilisimama mbele ya gari, nikaomba kalamu, nikawaonyesha makosa manne katika mistari sita. Mmoja wao, kijana mstaarabu, aliniambia, "Mama, sisi tumetumwa tu." Nikamwambia anayetumwa na karatasi mbovu arudi nayo kwa aliyemtuma. Wakaondoka.

Sasa nina maswali mawili. Mtu hasumbukii mzoga ila kuna kitu tumboni mwake. Kwa nini wanautaka wangu? Na la kwanza bado liko palepale: nani?

Shangazi yako, mwenye wino wa kutosha.


Tarehe 20 Mei

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Najua nimekawia. Nilipata homa wiki mbili, kisha nikapona homa, nikaumwa na kazi. Huku kumepoa. Nimenunua blanketi.

Nimeangalia skrini za magari yote, mapya na ya zamani, yanayoonekana kutoka hapa ofisini. Yote yana sentensi hii: "Ukizima gari, kompyuta inaweza kuharibika." Hakuna lenye neno ulilolitaja. Siku ile huenda jua lilikuwa kali, au miwani ilikuwa na vumbi. Linaweza kumtokea yeyote. Nisamehe kwa kulisema.

Tafadhali wape ile kompyuta, Shangazi. Naomba kwa mara ya mwisho. Kitu kilichokufa hakina faida kwako, na mambo haya yakiendelea watu wataumia.

Mbona hujaniambia Bibi amekionaje kitabu? Amefika sura ya ngapi?

Ninawakumbuka.


Tarehe 27 Mei

Kinyume,

Salamu utazikuta mwishoni.

Miwani yangu haina vumbi. Barua yako ilipofika nilimwita fundi redio wa mtaani kwetu, yule tunayemwita Bwana Risasi kwa sababu hutembea na waya wa risasi wa kuchomelea mfukoni. Aliing'oa ile kompyuta na skrini yake garini, akaifungua mezani kwangu, juu ya gazeti. Alikitazama kile kipande cha kumbukumbu kwa lenzi, akasema hakijafa, kimechoka. Akakichomelea upya miguu yake mmoja mmoja, akaunganisha betri ndogo, akaniambia, "Mwalimu, kitaamka, lakini hakitakaa." Nikawaita majirani wanne. Skrini ikawaka kwa muda wa kuhesabu mpaka tisini. Sentensi ilikuwa palepale nilipoiacha, na "usipo" yake. Nimeipiga picha, na majirani wote wanne wametia sahihi.

Kisha nikamuuliza muuza dawa wa ng'ambo ya barabara, ambaye ana gari jipya la kampuni yenu. Akanionyesha kwamba wiki moja baada ya siku yangu, magari yote yaliletewa sasisho dogo. Maelezo yake yalikuwa maneno mawili: "Maboresho madogo." Kwa hiyo mliibadilisha usiku mmoja, kimyakimya, kisha mkaniambia haijawahi kuwapo. Magari mazima yamesahau. Mzoga wangu ndio uliokumbuka.

Sasa nitakuambia jambo nililolijua tangu tarehe 4 Machi. Katika dunia hii namjua mtu mmoja tu ambaye kila anapotaka kumwonya mwenzake, lile "usi" la kukataza humrukia ulimini kabla ya wakati. Alikuwa na umri wa miaka sita. Alimwambia mgeni wetu, "Usipogusa jiko, utaungua." Mgeni akaligusa kwa mzaha, na Bibi yako akacheka mpaka akakaa sakafuni, akakupa jina unaloitwa hadi leo. Nilikuandikisha "ukigusa" mara mia mbili. Nilidhani imetosha.

Nilikuuliza jina si kwa sababu sikulijua. Nilitaka ulitaje wewe.

Na lile la Bibi yako nililokuahidi ni hili. Alikaa ndani ya gari lililofungwa, juani, dakika arobaini. Komeo la mkono lipo, limefichwa chini ya zulia la mlango, na hakuna aliyetuambia. Mlinzi wa hospitali alivunja kioo kwa chuma. Tulimtoa amezirai, na sindano ya siku ile haikuchomwa. Tangu hapo hapandi gari lolote. Nimembembeleza, daktari amembembeleza. Hospitali iko kilomita kumi na moja, na kiti cha magurudumu hakifiki. Jicho la kushoto lilikwisha kufa zamani, unajua. La kulia lilizimika tarehe 11 Mei, asubuhi, akiwa ameshika kitabu chako. Alidhani umeme umekatika. Aliniambia niende nikaangalie swichi.

Alikuwa amefika sura ya pili.

Salamu.


Tarehe 2 Julai

Shangazi,

Shikamoo.

Ni mimi.

Nimeandika barua hii mara saba na kila mara nilianza kwa kueleza. Sasa nimeanza kwa jibu. Ni mimi niliyeiandika, mwezi wa Januari, pamoja na sentensi nyingine mia tatu, kwa siku mbili. Zamani tulikuwa na msahihishaji, mama mmoja mkali kama wewe. Walimpunguza mwezi uliotangulia ili kubana matumizi. Ulinifundisha kwamba kila sentensi inahitaji jicho la pili. Yangu haikulipata, nami nilijua haikulipata, nikaituma.

Uliporipoti, ndipo nilipoiona. Nilimwendea mkuu wangu nikamwambia. Akanishukuru, akaamuru ibadilishwe, akanihamishia meza ya ukutani, akanipa kazi moja: nikushawishi uitoe kompyuta. Nilikusihi kwa ajili yangu, si kwa ajili yako. Na lile la miwani walilitunga wao, lakini mkono ulikuwa wangu.

Kuna jambo jingine. Mafundi wa kampuni walikuwa wamewaandikia wakubwa, kabla ya sasisho, kwamba kompyuta za magari mia nne na kumi na mawili ya zamani zimechakaa na hazitalibeba. Waliomba yasitumiwe chochote mpaka yabadilishiwe kompyuta. Mkuu aliandika chini yake kwa mkono: "Tumeni kwa wote." Hata magari ya ambao hawakuyazima, baadhi yake yalikufa. Nakala ya karatasi hiyo ninayo. Nao wanayo karatasi nyingine, imekwisha kupigwa chapa, inayosema hasara yote ilitokana na kosa la mfasiri mmoja.

Sijui niseme nini kwa Bibi. Nilikuwa nikimwandikia aya zake kwa herufi kubwa.

Mimi.


Tarehe 9 Julai

Mwanangu,

Tumeipata barua yako. Mvua imekwisha, jirani wa juu ametengeneza bati, na sisi tumekauka.

Sikuitia wino mwekundu. Makosa yamo, lakini si ya sarufi.

Nilimsomea Bibi yako neno kwa neno. Akauliza kama siku hizi unakula. Usijipe moyo kwa hilo. Yeye ni mama. Mimi ni shangazi.

Shauri langu litasikilizwa na baraza la malalamiko ya wateja tarehe 14 Agosti. Siendi peke yangu. Kwa tangazo dogo gazetini nimewapata wenzangu saba wenye magari ya zamani: mkunga, fundi cherehani, msajili wa mahakama aliyestaafu, na wengine wa aina hiyo. Wote waliisoma ile sentensi wakaitii. Wasomaji hafifu walipona, mwanangu, kwa kuwa hawakusoma hadi mwisho. Mliwaadhibu watu makini.

Kampuni itakuja na karatasi yake ya mfasiri. Wanataka kukutupa wewe majini ili mashua yao ielee, nami siwapi raha hiyo. Nataka yule aliyeandika "tumeni kwa wote" aketi mbele yangu asomewe mwandiko wake. Lakini usidhani nakuficha nyuma ya mgongo wake. Nina kisasi cha watu wawili, na kila mmoja atapata fungu lake.

Ukija na ile nakala, utasema mwenyewe. Usipokuja, nitalitaja jina lako mbele ya baraza, herufi moja moja, na nitawaambia ni damu yangu.

Shangazi yako.


Tarehe 8 Agosti

Shangazi,

Shikamoo. Niliomba ruhusa ya siku mbili, wakaninyima. Tiketi nimekwisha kuikata.

Nisipofika, unitaje. Nikifika, niache niseme mwenyewe.

Bibi usimwambie kwamba nakuja. Nitamwomba radhi ana kwa ana.


Tarehe 20 Agosti

Mwanangu Kinyume,

Hapa nyumbani sisi tu wazima. Bibi yako amejifunza kuhesabu hatua kutoka kitandani hadi dirishani: kumi na tisa. Anasema chumba kimekuwa kidogo kuliko alivyokikumbuka.

Ulitoa ushahidi wako, ukajibu maswali, ukapita mlango wa nyuma na kukimbilia basi lako kabla ya uamuzi. Nilikuona. Kwa hiyo nakueleza yaliyokupita.

Wakili wao alisimama akaniambia kwa sauti ya upole, ile wanayozungumza nayo na wazee, "Mama, kila mtu angeelewa kilichokusudiwa." Nikamjibu, "Mimi nilisoma kilichoandikwa." Mwenyekiti wa baraza akaandika jambo hapo, nikajua tumemshika. Kisha akamwagiza mkuu wako asome kwa sauti yale maneno matatu ya mkono wake. Alijaribu kusema mwandiko haujulikani ni wa nani. Fundi cherehani, mwenye macho ya kutunga uzi kwenye sindano, akaomba aulinganishe na sahihi aliyotia mkuu wako asubuhi ile kwenye daftari la wageni. Watu wakacheka. Yeye akasoma. Aliyasoma kwa sauti ya chini, na mwenyekiti akamwambia arudie. Niliionja raha ile mpaka mwisho, wala sioni haya kukuambia.

Uamuzi ni huu. Mstari wa tatu umefutwa kwetu sote wanane. Magari yote mia nne na kumi na mawili yatabadilishiwa kompyuta, wala hayatatumiwa sasisho kabla ya hapo. Mkuu wako amesimamishwa kazi. Na kampuni imeamriwa kumwandikia kila mmoja wetu barua ya kuomba radhi kwa lugha yetu. Yangu ilikuja Jumatatu. Nimeirudisha mara mbili, na wino mwekundu haujakwisha.

Nasikia wewe nawe wamekuachisha kazi. Sikusikitika. Ulisema kweli vizuri, ukanyoosha sentensi zako, na karani wa baraza aliyekuwa akiandika ushahidi hakukukatiza akuombe urudie hata mara moja. Hilo nalitambua. Lakini kweli iliyosemwa Agosti haikumrudishia Bibi yako jicho la Mei, na ulikuwa na miezi yote hiyo ya kuisema. Uliahidi kumwomba radhi Bibi yako ana kwa ana. Ulipita umbali wa kilomita tatu kutoka mlangoni petu, ukaenda kituoni.

Kwa hiyo sikiliza. Baraza limenirudishia ile kompyuta ya zamani niliyoitoa kama ushahidi, pamoja na skrini yake. Bwana Risasi ameitundika kwenye ukuta wa sebule, juu ya kile kiti ulichokuwa ukikalia kufanya kazi za shule. Ametia kitufe. Kikibonyezwa, sentensi yako huwaka kwa muda wa kuhesabu mpaka tisini, kisha hujizima. Niliibonyeza jioni ya kwanza, na Bibi yako akauliza ni kitu gani hicho kinachonguruma. Nikamsomea. Akacheka, kwa mara ya kwanza tangu Mei, akasema, "Huyo ni Kinyume." Mimi sikucheka.

Kitabu chako kiko mezani, alama iko sura ya pili. Kina kurasa mia sita, na kwa herufi zile nono sijui kitachukua miezi mingapi. Huna kazi, kwa hiyo nafasi unayo.

Ukija, utaketi kwenye kiti hicho, chini ya sentensi yako, na utamsomea Bibi yako kwa sauti mpaka ukurasa wa mwisho. Usipokuja, kiti kitakaa kitupu, na kila mgeni akiuliza maneno yale ukutani ni ya nani, nitamwambia.

Nimeyaandika yote mawili bila kukosea, na yote mawili ninayamaanisha.

Shangazi yako.